Vifuniko vya Baba Mkwe

Uliyekosa gazeti la Ijumaa iliyopita usihangaike kumgongea jirani, maana jirani mwenyewe keshalifungia samaki. Nitakupa kwa ufupi, kisha tuendelee na balaa.

Kheiria ana kiwanda cha laban Wadi Kabir, alichoachiwa na marehemu baba yake. Asiyewahi kufuturu Maskati na ajue kwamba laban ni yale maziwa mepesi ya kuchachuka ambayo watu hunywa na tende adhana ikilia. Nusu ya kiwanda ni yake, nusu ni ya ammi yake Murshid, ndugu wa baba yake. Siku ya kuondoa tanga walikubaliana mbele ya wazee: Kheiria aendeshe, lakini mwaka atakaoshindwa kutoa oda ya Ramadhani, Murshid atauza kiwanda chote na Kheiria atatia saini bila kufungua mdomo.

Mwaka jana kidogo ashindwe, na kilichotaka kumwangusha si maziwa wala umeme. Ni vifuniko vya chupa! Mashine ya marehemu ni ya kizamani, na shingo ya chupa zake haifanani na ya mtu. Maskati nzima kuna mashine nyingine moja tu kama ile, nayo iko kwa Khattab, tajiri wa laban, ambaye ndiye huyo huyo anayetaka kununua kiwanda. Kwenda kumwomba Khattab vifuniko ni kumkabidhi funguo kwa mkono wako mwenyewe.

Basi Kheiria akajifunza, au alidhani amejifunza. Akatangaza kwamba tangu sasa kiwanda kitakuwa na wauzaji wawili wa vifuniko badala ya mmoja, na akiba ya kutosha stoo. Akalala usingizi mtamu mwaka mzima.

Juma lililopita alifungua stoo akakuta akiba yote imepinda. Murshid, kwa ubahili wake, alizima kiyoyozi cha stoo kiangazi chote, na joto la Wadi Kabir mnalijua, na kama hamlijui mshukuruni Mungu. Hatem, mwuzaji wa kwanza, mwenye duka Ruwi, alipopigiwa simu akasema kontena limo melini, na meli imekwepa Bahari ya Shamu kwa kuogopa makombora, sasa inazunguka Afrika nzima.

Akabaki mwuzaji wa pili. Na mwuzaji wa pili ni Thabit wa Hail, baba mzazi wa Sami, mume wa Kheiria. Hapo ndipo tulipomwacha bibie, ameshika kifuniko kilichopinda, anatafuta namna ya kumkabili mkwe.

"Vifuniko mafi, hakuna, madam," alisema Nakato asubuhi iliyofuata.

Nakato ni msimamizi wa mashine, Mganda, mwenye sauti ya kuishinda mashine yenyewe. Kiswahili alikiokota Nairobi, Kiarabu alikiokota kwenye majiko ya watu kabla hajapata kazi hii, na vyote viwili huvichanganya bila kuomba radhi.

"Vile vilivyopinda umevijaribu tena?"

"Nimejaribu na maji moto. Nimejaribu kuvigonga. Vinavuja tu. Wasichana wamesimama, maziwa iko kwa tangi, mimi nawaambia nini?"

"Waambie wasubiri."

"Tumesubiri mpaka tumechoka kuliko siku ya kazi, madam."

Kabla Kheiria hajajibu, mlangoni aliingia Murshid, na nyuma yake alifuata Khattab, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, udi umemtangulia.

"Nimemleta bwana Khattab aangalie angalie," Murshid alisema, kama mtu anayeonesha nyumba ya kupangisha.

"Kiwanda hakijauzwa bado, ammi."

"Nani kasema kimeuzwa? Macho hayalipishwi. Lakini kesho ni mwezi ishirini na tisa Shaaban. Maduka yanataka mzigo kabla ya adhuhuri, maana mwezi ukiandama usiku watu wataamka na saumu. Adhuhuri ikipita mikono mitupu, mie na bwana Khattab tutakaa kitako."

"Mzigo utatoka."

"Kwa vifuniko gani?"

"Vya baba Thabit."

Murshid alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, nenda kamwulize mkweo kama anavyo au hana. Nnataka nikuone utamwulizaje!"

Khattab yeye hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya mashine, polepole, akamgeukia Kheiria.

"Ukikwama, binti yangu, sema."

"Sijakwama."

"Nnasema tu. Ukikwama."

Sasa wewe msomaji wa Tanga au Mwanza utajiuliza, kumwuliza mkwe kuna ugumu gani? Unapiga simu, unasema baba vifuniko vipo, anasema vipo au havipo, yamekwisha. Ndugu yangu, hujaolewa kwa watu hawa. Mkwe hujuliwa hali, husikilizwa, huletewa haluwa siku ya Idi. Swali la unacho au huna ni la sokoni, na anayemwuliza mkwe swali la sokoni kesha­mvua nguo mbele za watu.

Thabit alistaafu wizarani, akafungua biashara ya vifungashio kwa kuchoka kukaa nyumbani. Sami ndiye aliyesema, "Mbona baba naye anaweza kukuletea vifuniko?" Kheiria akafurahi. Hatem, Kheiria alikuwa kamhoji mpaka jina la meli. Lakini kwa Thabit hakuuliza hata mzigo unatoka nchi gani. Alichojua ni kwamba mkwe si Hatem na Hatem si mkwe, basi hao ni wawili, na wawili ndio aliowataka.

Mchana huo huo mlango mmoja ulifunguka. Mutasim, kijana wa Sohar mwenye mashine ndogo ya kufungia pakiti, alimpigia simu.

"Nimesikia mambo yako, dada. Nna nafasi kesho alfajiri. Lete maziwa huku, nikufungie kwenye pakiti. Kifuniko hukihitaji."

Kheiria aliwapigia watu wa maduka. Walinung'unika, wakasema wateja wamezoea chupa, lakini pakiti ni bora kuliko rafu tupu. Wakakubali.

"Mutasim, nipe saa chache."

"Nipe neno kabla ya magharibi. Kuna mwingine ananivuta mkono."

Hivyo ndivyo Kheiria alivyoendesha gari mpaka Hail akiwa na njia mbili, na hofu ya kutosha watu wanne.

"Masalkheri, baba."

"Masalkheri, mwanangu! Karibu, karibu ndani. Sami hajambo? Mbona umekonda? Hawakupi chakula?"

Thabit mwenyewe aliinua dele na kumimina kahawa. Alizungumza juu ya goti lake. Akazungumza juu ya mwezi, kama utaonekana au hautaonekana. Akaeleza harusi ya watu wasiomhusu, tangu posa mpaka fungate.

"Ramadhani hii maduka yametaka laban nyingi," Kheiria alianza kwa mbali.

"Alhamdulillahi. Riziki hiyo."

"Shida ni vifuniko, baba."

"Allah atafanya wepesi. Kula haluwa."

"Akiba yetu imeharibika."

"Dunia, mwanangu. Hata goti langu lilikuwa zima."

Kila alipopiga hatua moja, mzee alimrudisha kwa haluwa. Jua lilikuwa linateremka, na Mutasim anangoja neno. Kheiria alihisi kuta za sebule ile nzuri zinamsogelea. Alitamani kupiga kelele, na kelele ndicho kitu pekee ambacho hakuruhusiwa.

Thabit akamimina tena. Kheiria akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, kama ipasavyo. Kisha akakiweka chini, kimejaa, hakukigusa.

Mzee akaliweka dele chini.

Ukiingia kwa Mwarabu ukapewa kahawa, ukaiweka chini bila kuinywa, umesema una haja, na hutoinywa mpaka mwenye nyumba akubali kuitimiza. Ni desturi ya wanaume, ya mabwana wa makabila waliokwenda kuombana suluhu na damu. Mke wa mtoto kumwekea mkwe kikombe chini sijawahi kuisikia, na mimi nimesikia mengi.

"Una haja, mwanangu?" Thabit aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nna haja, baba."

"Sema."

"Vifuniko. Kesho asubuhi."

Mzee alikitazama kile kikombe. Alikitazama mpaka Kheiria akaanza kujuta. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Kunywa," alisema. "Haja yako imekwisha."

Kheiria alikunywa kahawa ile kwa mkupuo mmoja, machozi yakimlenga. Alimbusu mkwe wake kichwani, akatoka karibu anakimbia. Hata gari hajaliwasha, kesha­mpigia Mutasim.

"Mpe huyo mwingine nafasi. Mimi nimepata."

"Una hakika, dada?"

"Mkwe wangu kanipa neno lake."

"Basi mambo yako mazuri," alisema Mutasim, na kweli alisema kwa moyo safi.

Nyumbani alimkuta Sami anakata tikiti. Kheiria alimsimulia yote, hata la kikombe, na alipofika hapo Sami aliacha kisu.

"Ulimwekea baba kikombe chini?"

"Ningefanyaje? Alinizungusha mpaka kwenye harusi za watu!"

"Akakwambia anavyo?"

"Akanambia haja yangu imekwisha."

"Sikukuuliza hivo. Alisema, 'Nnavyo'?"

Kheiria alijaribu kuyakumbuka maneno ya mzee moja moja, na lile analolitaka halikuwemo.

"Sami, usinitie wasiwasi."

"Sikutii wasiwasi. Ila baba hawezi kumwambia mtu hapana na kikombe kiko chini. Hata ungetaka mwezi wenyewe, angesema kunywa."

Chakula cha usiku hakikuliwa vizuri.

Asubuhi gari la maziwa kutoka Barka lilifika mapema, kwa sababu ng'ombe hawana habari ya mkwe wala ya meli. Nakato alilijaza tangi la pili. Wasichana walijipanga kwenye mashine, kofia za nailoni kichwani, mikono imekunjwa.

"Vifuniko viko wapi, madam?"

"Viko njiani."

"Njia gani?"

"Ya Hail."

Alimpigia Thabit, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vile vile. Akampigia Sami, naye akasema baba katoka tangu alfajiri na mama hajui alikokwenda.

Kisha simu yake ikalia, akaidaka bila kutazama. Alikuwa Hatem, yule wa Ruwi.

"Bi Kheiria, nakuomba msamaha tena. Meli bado iko mbali. Labda katikati ya Ramadhani, labda Idi."

"Usijali, Hatem. Nimeshapata kwa mwuzaji mwingine."

"Alhamdulillahi! Mwuzaji gani?"

"Mzee Thabit wa Hail."

"Bi Kheiria," Hatem alisema taratibu, "Mzee Thabit hana mzigo. Mzigo wake uko kwenye kontena hilo hilo langu. Siku zote tunachangia kontena moja, nusu yake, nusu yangu, ili nauli ya meli itupungukie sote. Kiwanda kimoja, Uturuki, meli moja. Nilidhani unajua."

"Siku zote?"

"Tangu mwanzo. Yeye ni baba mkwe wako, nikajua lazima kakwambia."

Kheiria alikaa juu ya katoni tupu. Mwaka mzima alijisifu ana wauzaji wawili. Alikuwa na mmoja aliyekatwa kati. Alipomhoji Hatem mpaka jina la meli, alikuwa anamhoji mkwe wake pia, na hakulijua hilo kwa sababu ya adabu. Aliona haya, akaona hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa malezi mema aliyopewa na mama yake.

Alimpigia Mutasim.

"Dada, mashine inafanya kazi ya mtu sasa hivi. Jana nilikuuliza una hakika."

"Hata nusu ya mzigo?"

"Hata robo. Wallahi naona vibaya."

Maziwa yamejaa, adhuhuri inakaribia, njia ya Sohar imefungwa, na njia ya Hail haikuwahi kuwepo. Kheiria alisimama katikati ya kiwanda cha baba yake akawa hajui aelekee upande gani. Wasichana wote walikuwa wanamtazama yeye.

Ndipo likaingia lori.

Lilipiga honi getini kwa madaha, likaingia kinyumenyume, na kwenye kiti cha mbele kando ya dereva alikuwa amekaa Mzee Thabit, kofia mpya, fimbo mkononi. Alishuka kwa shida ya lile goti, uso umejaa fahari.

"Nshakwambia haja yako imekwisha! Ulidhani nnakudanganya?"

Nakato alipiga kigelegele cha kwao. Wasichana wakaanza kushusha makatoni. Kheiria alitaka kulia kwa furaha, akalishika katoni la kwanza akalichana kwa kucha.

Vifuniko vyake ni vya buluu. Hivi vilikuwa vya kijani. Na juu ya kila kimoja, kwa maandishi meupe ya kupendeza, paliandikwa jina la laban ya Khattab.

"Baba," alisema polepole, "hivi umevipata wapi?"

"Kwa Khattab, wapi pengine? Maskati nzima mwenye shingo kama yako ni yeye. Nlikwenda kwake alfajiri, nkamkuta anatoka msikitini. Nkamwomba. Mie, mtu mzima na mvi zangu, nkamwomba!"

"Akataka nini?"

"Hakutaka hata baisa. Kasema hiyo zawadi ya Ramadhani, kwa heshima ya marehemu baba yako."

"Baba, mzigo wako wewe na wa Hatem ni kontena moja?"

"Moja. Nauli ghali."

"Mbona hukunambia?"

Thabit alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Uliniuliza lini, mwanangu? Ungeniuliza ningekwambia. Jana umeniwekea kikombe chini. Nikwambie nini tena hapo? Sina? Unywe kahawa ya kukosa, nyumbani kwangu?"

Kheiria aliyameza maneno yaliyomjia. Huyu mzee alijidhalilisha kwa ajili yake. Huwezi kumgombeza mtu aliyekudhalilikia. Na hivyo ndivyo alivyombana zaidi kuliko adui yeyote angeweza.

"Ahsante, baba," alisema.

"Usiseme ahsante. Fanya kazi, jua linapanda."

Mzee alikwenda kutafuta kiti. Kheiria akabaki na lile katoni. Akizitoa chupa na vifuniko hivi, kesho kila meza ya futari itakuwa na laban ya baba yake chini na jina la Khattab juu. Watu watasema ameshanunuliwa. Asipozitoa, adhuhuri itapita na atanunuliwa kweli, kwa saini yake mwenyewe.

"Madam," Nakato alisogea. Kwa mara ya kwanza aliongea chini chini. "Mimi sijui siasa yenu. Lakini wasichana wanaogopa. Wakifunga hapa, visa yetu inaenda nayo. Wengine watarudishwa kufagia nyumba za watu. Niambie tu, niwashe ama nisiwashe?"

Kheiria alimtazama Nakato. Akaitazama mashine. Akatamani baba yake atokee hata kwa dakika, amgombeze kama zamani, amwambie la kufanya. Hakutokea mtu.

"Washa."

Mashine ilikohoa, ikanguruma, ikaanza kuvimeza vifuniko vya kijani. Havikuvuja hata kimoja. Vilikaa kwenye zile shingo kama vilizaliwa humo, na hilo ndilo lililomuuma Kheiria kuliko yote.

Lori la mwisho la maduka lilitoka getini wakati mwadhini anajiandaa. Wasichana walikumbatiana. Mzee Thabit alikuwa kasinzia kitini, ameshinda vita yake.

Murshid na Khattab walifika kwa pamoja. Murshid aliitazama sakafu tupu, akaizungukia mashine, akarudi. Nitasema haki yake: ni bahili, lakini neno lake halina mizizi miwili.

"Mzigo umetoka kabla ya adhuhuri," alisema kwa sauti iliyokunjamana. "Wazee walikuwa mashahidi. Umeshinda, Kheiria. Siuzi."

Kheiria aliusubiri moyo wake uruke. Haukuruka. Macho yake yalikuwa kwa Khattab, aliyekuwa anakigeuzageuza kifuniko kimoja cha kijani vidoleni.

"Bwana Khattab, tusameheane," Murshid aliendelea. "Tutazungumza bei mwakani, Mungu akitujaalia."

"Bei ya nini?"

"Ya kiwanda."

"Bwana Murshid, kiwanda sikitaki tena."

"Hukitaki?"

"Ya nini ninunue ng'ombe wa Barka wanaotaka kulipwa kila siku, na mashine mbovu, na mishahara ya watu?" Khattab alizungumza kwa upole, kama mtu anayempumbaza mtoto. Akamgeukia Kheiria. "Kiwanda ni chako, binti yangu, hongera. Baki nacho. Mie ntabaki na vifuniko."

"Zawadi ya Ramadhani," alisema Kheiria.

"Zawadi ilikuwa ya leo. Meli yenu itafika Idi, nimesikia. Kuanzia kesho tutaelewana, mie na wewe, chupa ngapi utoe, duka gani upeleke, duka gani uniachie. Mambo madogo."

"Na nikikataa?"

"Utakataa, na kila asubuhi maziwa yanaingia tangini?"

Murshid, aliyekuja pale akitaka kuuza, sasa ndiye aliyepauka. Nusu ya kile kiwanda ilikuwa yake pia, na ilimdhihirikia pale pale kwamba hakuna mtu duniani atakayeinunua tena. Alifungua kinywa amwambie Khattab jambo. Thabit akakoroma kitini.

Wasichana walikuwa wameshavua kofia zao, wanaosha sakafu, wanaimba kitu cha kwao. Nakato alikuja anafuta mikono, uso wote unacheka, hajasikia hata neno moja la yaliyosemwa.

"Madam, tumemaliza!" alisema. "Kesho tuingie saa ngapi?"

Kheiria alivuta pumzi ajibu.

"Saa kumi na mbili," alijibu Khattab.

Nakato alimtazama yule bwana, kisha akamtazama Kheiria, akingoja. Na Kheiria akakihisi kichwa chake mwenyewe kinatikisika, kwamba ndiyo.